Kijumbe wangu wa simu na hataza niliyoikosa

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nina wazo la mamilioni, ila silisemi mpaka nilipatie hataza." Hataza, yaani hati ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kijana huyo ni mimi wa 2016.

Wazo langu lilikuwa kijumbe wa simu, yaani mshika michango ya upatu. Mnaocheza upatu mnaijua adha: kijumbe leo anauguliwa, kesho hapokei simu, keshokutwa kahama. Programu yangu ingeshika michango yote, isimlipe mtu mpaka wa mwisho awe ametoa. Nililificha miaka miwili. Hata binamu yangu, anayejua kuandika programu, nilimsainisha karatasi kabla ya kufungua mdomo. Mpaka leo ananinunia.

Nikaenda kwa wakili, mama mtu mzima. Alisikiliza, akaniuliza: "Mwanangu, hizi ni kanuni za mchezo. Uvumbuzi uko wapi?" Akanionyesha Sheria ya Hataza ya Tanzania ya 1987: mipango, kanuni na mbinu za kufanya biashara hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Nikabisha kwamba Marekani wanatoa. Akanisimulia kesi ya Alice Corporation na CLS Bank. Alice walikuwa na hataza za kompyuta inayosimama kati ya watu wawili wanaolipana, kuhakikisha hakuna anayetoa chake akakosa cha mwenzake. Kijumbe yule yule! Mwaka 2014 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walisema hilo ni wazo tu, na kulitia kwenye kompyuta hakulibadilishi.

Lakini mwaka 1981 mahakama hiyo hiyo ilikubali ombi la hataza la mvumbuzi Diehr na mwenzake. Wao walitumia hesabu iliyokwishajulikana, ila kompyuta yao ilikokotoa muda wa kuivisha mpira kiwandani, ikafungua kalibu yenyewe wakati ukifika. Hesabu haikuwa yao; njia ya kuivisha mpira ndiyo iliyokuwa yao.

Basi wadogo zangu, acheni kuatamia mawazo. Jengeni! Programu ukiiandika, hakimiliki inalinda ulichoandika. Jina lisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ukigundua namna mpya ya kiufundi, hiyo ndiyo ya kuombea hataza, tena kabla hujaitangaza. Lakini kwanza jengeni. Mimi nilijenga nini? Karatasi za kusainisha ndugu.

Wengine walijenga. Mama yangu mzazi anachezea upatu kwenye programu yao. Jana kaniita nimsaidie, kasahau namba ya siri.