Injini ya mashua isiyotulia

Ndugu, unasema injini ya mashua yako hapo Dunga, Kisumu, hunguruma kwa kasi hata ikiwa nyutro na mkono wa gesi umerudishwa kabisa, na fundi amelegeza skrubu ya mwendo mdogo bila mafanikio. Iache skrubu hiyo kwanza. Imekwisha kuteswa vya kutosha. Zima injini, chomoa kebo ya gesi kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli), kisha utazame kama kile kibati cha ndani, kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kinafunga hadi mwisho. Kikifunga baada ya kebo kutoka, na kasi ikashuka ukiwasha tena, kosa ni la kebo iliyokazwa mno au iliyoshika kutu. Kikifunga lakini ukiwasha tena kasi isishuke, basi kuna hewa inayopenya, mara nyingi kwenye gasketi, kile kizibo chembamba cha kiungio kilicho kati ya kabureta na injini, nayo hupunguza petroli katika mchanganyiko, jambo ambalo huweza kuunguza pistoni, kwa hiyo usiende nayo mbali ziwani. Injini ikinguruma, nyunyizia kiungio hicho maji kidogo ya sabuni: mlio ukibadilika, umepata tundu. Yafanye hayo mashua ikiwa majini, kwa sababu nchi kavu pampu ya maji ya kupoza injini hukosa maji, ikaharibika upesi.