Fundi Anajibu: Ufa kwanza, makaro baadaye

SWALI. Jambo Papa fundi. Sisi tuko Himbi, hapa Goma. Garaji yetu ni ya mita 3 kwa mita 5 na nusu, imechimbwa chini ya ua, gari inashuka kwa mteremko. Sakafu ni ya simenti, na tangu matetemeko ya 2021 ina ufa kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Vumbi jeusi linatufuata mpaka saloni ya nyumba. Shemeji ametuletea kutoka Kampala makaro (vigae vya sakafu) ya plastiki yale ya kushikana, magumu, yenye matundu, sentimita 30 kwa 30, vipande 200. Fundi wa mtaa anataka kuyabandika kwa gundi yasicheze. Bwana wangu anasema yatauficha ufa, basi. Tufanye nini? Na tena: asubuhi nyingine nakuta mijusi imekufa karibu na ufa, siku moja hata panya, na sumu hatukutega. Sentineli, mlinzi wetu wa usiku, naye analalamika kichwa kinamuuma akilala mle wakati wa mvua. *Mama wa Himbi*

JIBU. Mama, mambo ya gundi tutayafikia. Mimi nimesoma hiyo mijusi na hicho kichwa cha sentineli, nikasimama hapo. Huyo kijana asilale tena garajini, kuanzia leo usiku. Mtafutieni mahali pengine, hata kama ni kibarazani chini ya bati.

Unajua mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua, kila mtu wa Goma analijua hilo neno. Watu wengi wanadhani ni jambo la mashambani tu, la njia ya Sake, kwenye mashimo ya mawe ambako mbuzi wanaangukia. Lakini hewa ile inatoka ardhini popote inapopata mwanya, na upande wa magharibi wa mji wetu, Himbi na Keshero zikiwemo, inajulikana kwamba inatoka hata ndani ya parseli (viwanja) za watu. Ni gesi ya kaboni dioksidi (CO2). Haina rangi, na pua haitakuambia kitu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajaa chini na kutulia humo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Garaji iliyochimbwa, mlango umefungwa, sakafu ina ufa: hapo ndipo inapopenda. Mjusi na panya wanavuta hewa ya sentimita chache kutoka sakafuni, ndiyo maana wanatangulia. Anayefuata ni mtu aliyelala kwenye godoro, au mtoto aliyechuchumaa kutafuta mpira. Wewe uliyesimama unaweza usisikie lolote.

Sisemi kwamba ni hakika. Kichwa kinaweza kuuma kwa moshi wa gari au wa jenereta, nao pia unaua, kwa hiyo kama jenereta inawashwa mle, itoeni nje. Lakini dalili zako ni za kupimwa, si za kufunikwa. Nenda kwa watu wa OVG, wale wa kituo cha kuchunguza volkano, uwaeleze uliyoniandikia. Kupima gesi ni kazi yao. Usijaribu kwa mshumaa. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka wakati hewa imeshaanza kumdhuru mtu. Na siku yoyote ukimwona mtu ameanguka mle, usikimbilie kuinama kumwinua. Fungua milango yote, ita watu, pepeeni hewa kwanza. Anayeinama kumfuata aliyetangulia anaweza kuanguka naye.

Wakati mnangoja kupimwa, fundi akate uwazi chini kabisa ya mlango, sentimita 15 au 20 kwenda juu, auwekee nondo na wavu. Dirisha la juu halisaidii, gesi hii haipandi. Kwa kuwa garaji yenu iko shimoni, uwazi wa mlangoni peke yake hautatosha kama mteremko nao ni bakuli. Itabidi kutafuta upande wa parseli ulio chini zaidi na kupitishia bomba huko. Bomba hilo hilo litayatoa na maji ya mvua.

Wakipima wakasema gesi ni nyingi, makaro yasubiri. Wakisema pako salama, endelea kusoma.

Bwana wako anataka kuuficha ufa. Mumweleze kwa heshima kwamba ufa wa Goma haufichwi, unatazamwa. Baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kutapika tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi, na nyumba nyingi zilipasuka bila lava kuzigusa. Nyufa nyingine zilitulia, nyingine bado zinacheza. Wenu ni upi? Fundi apake mkanda mwembamba wa simenti ukivuka ufa, sehemu tatu, aandike tarehe juu yake kwa msumari kabla haujakauka. Baada ya miezi miwili angalieni. Ukiwa mzima, ufa umetulia: fagieni, mwagieni maji, jazeni mchanganyiko wa simenti na mchanga laini. Mkanda ukikatika, msipoteze simenti yenu. Mwiteni mtu anayejua misingi aangalie na kuta.

Sasa gundi. Hapana, Mama, kabisa. Uzuri wote wa makaro haya ni kwamba yanang'oka. Vumbi letu ni mawe ya volkano yaliyosagika, lina makali. Litapita kwenye matundu na kukaa chini. Mara mojamoja unang'oa mistari michache, unafagia, unaona ufa uko vipi, unarudisha. Ukibandika, umeufungia mchanga humo, na ukitaka kuuona ufa itabidi uvunje. Tena plastiki inatanuka kukiwa na joto na kurudi kukiwa na baridi. Ikibanwa itavimba katikati, na gari ikipita vishikio vitakatika.

Kabla ya kutandika, buruta ubao ulionyooka wa mita 2 sakafuni. Mahali unapoona mwanga chini yake, au kingo moja ya ufa imepanda juu ya nyingine, sawazisha kwanza. Karo linalokalia kilima kidogo litabembea kila tairi ikipita mpaka livunjike.

Shika karo moja mkononi: pande mbili zina vitanzi, pande mbili zina vijino. Anzeni mlangoni, karo zima, kwa sababu hapo ndipo macho ya watu yanafikia. Vipande vilivyokatwa viende nyuma. Vitanzi vielekee mnakokwenda, ili karo linalofuata lishuke na vijino vyake kutoka juu. Kanyaga kwa kisigino mpaka lilie ta!, au tumia nyundo ya mpira. Kuweni waangalifu na upana wenu. Mita 3 ni makaro 10 kamili, na fundi atafurahi kwamba hakuna cha kukata. Asifurahi. Makaro 10 yatagusa kuta zote mbili, na yanahitaji nafasi ya karibu sentimita moja kila upande. Mstari mmoja wa pembeni lazima upunguzwe sentimita mbili, kwa msumeno wa meno madogo. Kwenye urefu mtapata mistari 18 na kubaki sentimita 10, toeni humo nafasi ya ukuta wa nyuma. Kwa hiyo yanatosha 190, na kumi zinabaki za akiba. Zitunzeni, rangi ile ile hamtaipata tena.

Mlangoni wekeni kingo za mteremko, la sivyo tairi itayasukuma makaro nyuma kila siku. Mkitaka kuinua gari, kriki ikae juu ya kipande cha ubao mnene, si juu ya plastiki. Na mbabula, lile jiko la makaa ya moto, isiingie mle kamwe: plastiki hii inashika moto.

SWALI. Papa fundi, mimi niko Bukavu, kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Nimeona makaro laini ya kushikana, yasiyo na matundu. Yanafaa? *Msomaji wa Bukavu*

JIBU. Bandika kipande cha plastiki nyepesi sakafuni, mita moja kwa moja, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, sakafu inapandisha unyevu, na makaro laini yataufungia humo uanze kunuka ukungu. Chukua magumu yenye matundu. Sakafu ikiwa kavu, laini yanafaa, ila jua kwamba tairi yenye joto huacha alama juu yake isiyotoka kwa sabuni. Weka kipande cha karo gumu au ubao pale tairi nne zinapolala.