Maswali na majibu: Wanafunzi wangu wanasoma slaidi kama matangazo ya vifo redioni

SWALI: Mwalimu, ninafunza Kiswahili Gredi ya 8 katika shule moja upande wa Ahero, karibu na Kisumu. Darasa lina wanafunzi 52, nasi tuna projekta moja na kipakatalishi kimoja. Muhula uliopita niliwapa kazi ya kuwasilisha kwa vikundi, mada ikiwa "Historia ya Kisumu". Kila kikundi kilileta slaidi zilizojaa maandishi ya mtandaoni, wakageukia ukuta, wakayasoma neno kwa neno kama matangazo ya vifo redioni. Kikundi cha kwanza peke yake kilikula dakika 22. Nimesikia kuna mtindo wa slaidi 20, kila moja sekunde 20, picha bila maandishi. Je, utalifaa darasa kama langu? Mitambo niipangeje? Wakiniambia hawana hadithi ya kusimulia, niwajibu nini? Na stima ikipotea?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mtindo uliousikia unaitwa PechaKucha. Ulianzia Tokyo mwaka wa 2003, ukabuniwa na wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham. Jina ni neno la Kijapani la gumzo, soga. Waliona kuwa msanifu akishapewa maikrofoni, kuirudisha ni kazi, basi wakamwekea mipaka: picha 20, sekunde 20 kila moja, zinajisogeza zenyewe, na dakika 6 na sekunde 40 zikiisha anakaa. Hiyo ni dawa ya watu wazima wanaosema kupita kiasi. Mtoto wa Gredi ya 8 ana ugonjwa mwingine. Ana machache ya kusema, na hayo machache anaogopa kuyasema. Kwa hiyo uchukue mtindo huu, lakini usiumeze mzima.

Mimi niliumeza mzima. Mara ya kwanza kuujaribu, katika shule ambayo sitaitaja, niliwataka watoto walete picha 20 kamili. Kijana mmoja alisimama kueleza biashara ya omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Kufika picha ya nne alikuwa bado anamalizia maneno ya picha ya pili. Akawa anaongea juu ya neti za kuanikia huku ukutani kumejaa sahani ya ugali. Darasa likacheka. Kila alipojaribu kuongeza kasi, picha nazo zikamwacha zaidi, na kwenye picha ya tisa akanyamaza, akarudi kwenye dawati lake. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemfunza kutengeneza slaidi, sikumfunza la kufanya picha inapomtangulia. Siku hizi hilo ndilo somo la kwanza kabisa: ukiachwa na matatu, huikimbilii barabarani, unapanda inayofuata. Sentensi iliyobaki iache ianguke, utazame picha iliyoko ukutani, uendelee kutoka hapo. Tunafanya mazoezi ya kuachwa makusudi, mimi nikibadilisha picha kabla ya wakati, nao wanacheka. Ni afadhali wacheke siku ya mazoezi.

Sasa tufanye hesabu ya darasa lako. Ukitumia mtindo kamili, kipindi cha dakika 40 kinabeba watu watano tu, na wanafunzi 52 watakumalizia vipindi 11. Haiwezekani. Wagawe katika vikundi 13 vya watu wannewanne. Kila kikundi kiwe na picha nane, kila mtoto picha mbili zinazofuatana. Hiyo ni sekunde 40 kwa mtoto, na dakika 2 na sekunde 40 kwa kikundi. Vikundi vyote 13 vinakula dakika 34 na sekunde 40. Kwenye kipindi kimoja hapatabaki nafasi hata ya kupiga makofi, kwa hiyo omba dabo, vipindi viwili mfululizo. Zile dakika 45 zinazobaki ni za maswali na kupokezana nafasi, na si muda wa kupoteza. Mada yako ya Kusikiliza na Kuzungumza ina nusu mbili, na tunapofunza kuzungumza mara nyingi tunasahau kuwa kuna wengine 48 wanaopaswa kusikiliza. Waambie mapema kwamba kila kikundi kitauliza swali moja.

Ukishamaliza hesabu, funga kipakatalishi. Usikifungue tena kwa wiki nzima.

Nasema hivyo kwa sababu shida ya wanafunzi wako haikuanzia kwenye slaidi. Ilianzia kwenye mada. "Historia ya Kisumu" ni gunia, na mtoto hawezi kulibeba. Ataandika kwamba reli ilifika hapa mwaka wa 1901 na kwamba mji uliitwa Port Florence, kisha atabaki hana la kuongeza, kwa kuwa haya hayamhusu kwa lolote. Mpe kitu kimoja kinachoshikika na mtu mmoja anayekitumia: jembe la mkulima wa mpunga hapo kwenu Ahero, pampu ya fundi wa baiskeli, kiti cha mama muuza samaki Kibuye. Historia itaingia yenyewe kwa mlango wa nyuma.

Wakikuambia hawana hadithi, usiwaamini. Anza kipindi kwa "Hadithi, hadithi!" uone kama hawataitikia "Hadithi njoo!" bila kufikiri. Wengi wa watoto wako, ikiwa kwao ni Waluo, bibi zao wanaijua siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala wakisimuliwa sigana, yaani ngano za Kiluo, usiku. Pim hakuwa na slaidi, na hakuna mtoto aliyelala kabla ya zimwi kufika. (Kama kuna nyanya kijijini anayezijua sigana bado, mlete darasani kipindi kimoja. Atawafunza kunyamaza mahali panapofaa kuliko mimi na wewe.)

Nikuonyeshe kazi moja ilivyobadilika. Binti mmoja ambaye nyanya yake anauza omena aliniandikia hivi: "Omena ni samaki wadogo wanaopatikana katika Ziwa Victoria. Omena wana protini nyingi." Ni kweli, na ukisikia utasinzia. Nikamuuliza, nyanya hufanya nini kabla ya kwenda ufuoni? Akasema, huwa anatoka nje jioni kutazama mwezi. Kwa nini? Hapo akaanza kunieleza kwa kasi, mikono ikienda huku na huku. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakavutwa na mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, na siku hizo nyanya hapati mzigo. Basi hadithi ikawa hii, na picha ya kwanza ikawa na maneno haya: "Nyanya yangu hasomi kalenda. Jioni anatoka nje, anautazama mwezi. Ukiwa mkubwa, anarudi ndani na kunyamaza. Sisi tunajua: kesho karai litakuwa tupu."

Yahesabu: maneno 21. Ukiyasoma kwa utulivu, yanaisha sekunde 20 hazijafika, na kile kimya kidogo kinachobaki ndicho kinachowafanya wasikilizaji waisubiri picha inayofuata. Mimi sizidishi maneno 25 kwa picha moja. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na mtoto akiwa na woga huyameza.

Kumbuka pia kwamba binti huyu hakusema neno "protini" popote, ila katikati ya hadithi tulielewa uvuvi wa taa, bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia, inavyopanda mbalamwezi inapoingia, na kwa nini mvua ya ghafla inapokuta omena wameanikwa ni msiba nyumbani. Wanaotaka ukweli mtupu wataukuta humo humo. Muundo niliompa ni mfupi: kuna mtu, anataka kitu, kitu kinamzuia, anafanya nini. Picha ya kwanza na ya pili ni mtu na anachotaka. Kizuizi kionekane kufikia ya tatu. Zile za katikati nawaachia wenyewe. Ya mwisho ninaifuatilia kwa jicho kali, maana watoto wetu wanapenda kumaliza kwa "asanteni kwa kunisikiliza" juu ya picha ya maua. Maua ya nini? Binti alimalizia kwa karai lililojaa, na nyanya ametupa mgongo, tayari anaondoka.

Kuhusu picha, sheria yangu ni moja: picha isirudie maneno. Mtoto akisema "karai tupu", picha ionyeshe mikono ya nyanya. Na maandishi ukutani yaondoke kabisa, isipokuwa jina la mahali au tarakimu moja inapobidi. Hii si chuki yangu binafsi. Mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, Richard Mayer, amechunguza jambo hili miaka mingi na kuonyesha kuwa mtu hujifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yale yale yakiwa mbele yake. Macho yanasoma, masikio yanasikia, na viwili hivyo vinagombania akili moja.

Picha bora ni wanazopiga wenyewe kwa simu ya mzazi, simu ikiwa imelazwa. Ikisimamishwa wima, ukutani utaona kijiti chembamba katikati na weusi pande zote. Wasogee karibu: mkono mmoja unaoparua samaki unashinda ufuo mzima ulio mbali. Darasa lako bila shaka halina mapazia, na mwanga wa mchana utazimeza picha zenye giza, kwa hiyo ule mwezi binti aliuchora kwa chaki kwenye karatasi nyeusi, tukaupiga picha juani. Ulionekana kuliko picha yoyote ya usiku. Na anayepigwa picha aombwe ruhusa kwanza. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahusu pia picha, na kwa mtoto ruhusa hutoka kwa mzazi au mlezi. Wanaokataa tuwapige mikono tu, au tuwachore.

Wiki ya pili, fungua kipakatalishi. Picha wakutumie kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana njiani zinapunguzwa ukubwa na kwa projekta bado zinatosha. Picha moja kutoka kwenye kamera ya simu yaweza kuwa megabaiti 4, na wewe una picha 104, jumla zaidi ya megabaiti 400. Mashine ya shule itakwama mbele ya mkuu wa shule. Vikundi vyote viweke kwenye faili moja, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kubadilisha flashi 13 ndiko kunakokula kipindi, sio watoto.

Kwenye PowerPoint, fungua sehemu ya Transitions. Upande wa kulia, weka alama ya tiki kwenye After, andika sekunde 20, ondoa tiki ya On Mouse Click, kisha Apply To All. Halafu kati ya kikundi na kikundi weka slaidi nyeusi tupu, na kwa hiyo pekee ufanye kinyume: toa tiki ya After, rudisha ya On Mouse Click. Picha nane zitakwenda zenyewe, zikifika kwenye weusi zitasimama, nawe utaamua lini kikundi kinachofuata kianze. Bila weusi huo, picha za kikundi cha pili zitaanza watoto wakiwa bado wanapishana kati ya madawati. Kama mashine yenu inatumia LibreOffice, Impress ina mpangilio kama huo kwenye Slide Transition. Na kipakatalishi kikae mbele ya msemaji, skrini ikimwelekea yeye, ndipo aone picha bila kugeuka. Nusu ya wanaosoma ukutani wanageuka kwa sababu hawana pengine pa kutazama.

Alama: mimi natoa 8 kwa hadithi, 5 kwa sauti na macho, 4 kwa picha, 3 kwa kumaliza na picha ya mwisho. Ngeli sizigusi siku hiyo. Naziandika pembeni, tunazirudia kesho yake bila jina la mtu.

Stima ikipotea, na kwetu huku itapotea, Wajapani wametusaidia tena. Wana sanaa ya zamani inayoitwa kamishibai, ambayo miaka ya 1930 ilikuwa ikizungushwa mitaani kwa baiskeli na wauza peremende: kadi za picha ndani ya fremu ya mbao, msimulizi akichomoa moja moja. Karatasi ngumu ya manila iliyokatwa inatosha, ikishikwa na mwenzake kifuani. Maneno yanaandikwa nyuma ya kadi, ila si nyuma ya picha yake. Maneno ya picha ya kwanza yanakaa nyuma ya kadi ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayomwelekea msimulizi. Kadi ya kwanza ikishaonyeshwa inapelekwa nyuma ya zote, kwa hiyo mgongoni mwake andika maneno ya picha ya pili, na ya pili ibebe maneno ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wapangie kwenye meza siku moja kabla, kadi zikiwa na nambari pembeni. Na waandike kwa penseli, maana sentensi zote utakazoziona siku ya mazoezi zitafutwa angalau mara mbili.