Usiandike "bank = benki" ukaishia hapo

Nafundisha Kiingereza tuisheni hapa Dodoma, hasa kidato cha kwanza, watoto waliotoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili. Daftari zao za msamiati karibu zote zinafanana: mstari katikati, kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili. "Bank", benki. Basi.

Halafu kwenye ufahamu wanakutana na wavuvi walioketi "on the bank of the river". Mtoto wa Bahi, aliyekulia jirani na Mto Bubu, anajibu kwamba wavuvi wako benki! Ukingo wa mto anaujua vizuri kuliko mimi. Kilichomponza ni lile daftari.

Mimi huwaeleza neno lilikotoka, na hapo wanachangamka kweli. "Bank" ya fedha asili yake ni Italia, ambako "banca" lilikuwa benchi au meza ya mbadili fedha, kama zile tunazozisoma kwenye Injili. Waitaliano nao walilitoa kwenye lugha za jamii ya Kijerumani, kulikotoka pia "bench". Kwa hiyo benki na benchi ni ndugu wa damu. Hata "bankrupt", yaani aliyefilisika, limetokana na "banca rotta", benchi lililovunjika.

"Bank" ya mtoni iliingia Kiingereza kwa mlango mwingine, kutoka lugha za Skandinavia, ikiwa na maana ya tuta au mwinuko wa udongo. Ukichimba sana utakuta nayo ni ya ukoo uleule wa benchi, lakini kamusi nzuri huyatenga maneno haya mawili, kila moja na namba yake. Wanafunzi wengi husoma namba 1 tu na kufunga kamusi. Soma zote.

Kwenye daftari andika sentensi nzima, si neno peke yake. Angalia pia kinachofuata: "bank on someone" ni kumtegemea mtu, na hakuna senti inayowekwa popote. "Blood bank" haina taabu, sisi wenyewe tunasema benki ya damu.

Kwa mzazi: mtoto akitafsiri kwa simu, mwambie aingize sentensi yote. Akiingiza neno moja, simu nayo itabahatisha kama yeye.