Ugomvi wa Pink Floyd si wa fedha

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wazee wa Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, wasimalize ugomvi wao ilhali umri umekwenda na fedha wanazo. Nadhani fedha siyo kiini. Roger Waters, mpiga besi wao, alipojitoa mwaka 1985 aliona kwamba bendi imekwisha, lakini wenzake David Gilmour na Nick Mason wakaendelea kulitumia jina lile lile, na shauri likafika kwa mawakili kabla ya kusuluhishwa mwaka 1987. Mwaka 2005 walipanda jukwaa moja London, katika tamasha la Live 8, wakapiga vizuri kabisa (wazee wale!), kisha kila mmoja akarudi kwake.

Mimi nilipiga besi katika bendi ya dansi hapa Mwanza kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba mwimbaji na mpiga solo wetu waliweza kupokezana wimbo usiku kucha bila kosa huku hawajasalimiana wiki nzima. Waligombea nani aliyetunga wimbo mmoja uliopendwa. Hadi leo wakikutana sokoni Mwaloni, kila mmoja hujifanya anakagua dagaa.