Kwa unayeanza kazi ya takwimu katika vijiji vya pembezoni mwa Mombasa

Vitabu vya sensa ya 2019 vinaiandika Kaunti ya Mombasa kuwa mji mtupu. Watu wote 1,208,333 wamewekwa kwenye safu ya mjini, na safu ya mashambani haina mtu. Basi wewe uliyemaliza chuo juzi, ukaajiriwa kukusanya data au kuchora ramani za huduma, utafika Mwakirunge, pembezoni mwa Kisauni, ukitarajia mji, nawe utakutana na mahindi, mihogo, minazi, mbuzi waliofungwa kamba kando ya njia, na akina mama wenye madumu wanaoelekea kisimani. Ukifungua jedwali lako utaona hapo ni mjini. Ukiinua macho utaona shamba. Vyote viwili ni kweli, na wajibu wako ni kuvieleza vyote viwili bila kukificha kimoja.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, kisiwani na bara zote, na kila mwaka naletewa vijana wapya. Nalowaambia kwanza ni hili: jumuiya ndogo za pembezoni hupotea ndani ya wastani. Watu wa sensa walifika kwao na wakawahesabu. Wanaowapoteza ni wasomaji wa sensa, wanaochukua namba ya eneo zima na kuivika kila kijiji.

Chukua Kisauni. Kaunti ndogo ya Kisauni ilikuwa na watu 291,930 mwaka 2019, juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 88. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 154,171 katika kilomita za mraba zisizofika 15. Ukigawanya, Kisauni inatoka na watu kama 3,300 kwa kilomita moja ya mraba, na Mvita zaidi ya 10,500. Mgeni akiona hivyo huandika kwenye ripoti kwamba Kisauni ina nafasi. Mpeleke Mlaleo au Mtopanga saa kumi na mbili jioni, watu wakirudi kutoka kazini, aone hiyo nafasi iko wapi. Kisha mpandishe bodaboda hadi Mwakirunge. Ile 3,300 haikai Mtopanga na haikai Mwakirunge. Imepatikana kwa kuchanganya msongamano wa upande mmoja na mashamba ya upande wa pili, na hakuna mtu wa Kisauni anayeishi ndani yake. Ukipanga zahanati, shule au mabomba ya maji kwa namba hiyo, Mtopanga patakosa huduma ya kutosha, na Mwakirunge jengo litawekwa mbali na watu.

Mipaka nayo ina elimu yake. Sensa hutoa hesabu zake kwa kaunti ndogo, tarafa, kata na kata ndogo, yaani maeneo ya chifu na naibu wake. Wadi ni mambo mengine. Wadi 30 za Mombasa zilichorwa kwa ajili ya uchaguzi na zikaanza kutumika 2013, na mistari yake haifuati ya machifu kila mahali. Mwakilishi wadi atakuuliza ana watu wangapi, nawe utakuwa na namba za kata ndogo. Usimpe jibu la kukisia. Kaa na ramani zote mbili, uone kata ndogo zipi zimo nzima ndani ya wadi yake na zipi zimekatwa katikati, kisha umwambie hivyo hivyo. Atanung'unika, lakini siku nyingine atakuamini.

Halafu kuna majina ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Watu hawasemi wanaishi kata ndogo fulani. Watakutajia msikiti, kisima, duka, mti, au jina la mtu aliyejenga wa kwanza. Kabla ya kuchora chochote, tembea siku nzima na mzee wa mtaa bila karatasi mkononi. Msikilize anavyosema "hapa tumetoka kwetu, tumeingia kwa wenzetu." Hapo ndipo mpaka wa jumuiya ulipo, hata kama pana nyumba mbili tu kati ya upande huu na ule. Mpaka huo ndio utakaokuambia nani anachota maji wapi na watoto wa nani wanaenda shule ipi.

Bahari usiisahau. Wengi mnaosoma jiografia mjini mnaona hori la Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, kama doa la buluu kati ya rangi za nchi kavu. Kwa mtu wa Junda au wa Jomvu Kuu, hori ni njia, ni shamba, na ni saa ya ukutani. Mikoko iko hapo, kaa na kamba wako hapo, na maji kujaa na kupwa ndiyo yanayopanga nani atakuwa nyumbani saa ngapi. Ukienda kuhoji kaya za wavuvi wakati maji yanafaa kuvuliwa, utakuta kina mama, wazee na watoto, na utarudi ofisini na kijiji kisicho na wanaume. Kuna wavuvi wanaokwenda dago, wakapiga kambi ufuo mwingine kwa wiki kadhaa, na wapo wageni wanaokuja kwa pepo za kaskazi. Usiku wa sensa ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, yaani ndani ya kusi, msimu wa pepo za kutoka kusini. Kila mtu alihesabiwa pale alipolala usiku ule. Kwa jumla ya nchi tofauti hiyo haionekani. Kwa kijiji cha nyumba thelathini kando ya hori, inaweza kubadilisha sura yote. Kwa hiyo uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi na tuko kwenye bamvua, siku za maji makubwa, au siyo, ndipo upange ratiba. Ijumaa mchana usipange kitu.

Jomvu Kuu nakuomba uiangalie kwa makini, maana wengi huipita mbio. Ni katika miji ya kale ya Waswahili, na Wajomvu wamo katika Tisa Taifa za Mombasa. Leo kijiji hiki upande mmoja kina hori na mikoko, na upande wa barabara ya Nairobi kina yadi za makontena, maghala, na watu waliohamia kufuata kazi. Mwaka 2017 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka kituo cha Miritini, hapo jirani. Kaunti ndogo ya Jomvu nzima ilikuwa na watu 163,415 mwaka 2019. Wenyeji wa kijiji cha kale ni tone ndani ya hesabu hiyo, na wapangaji wa mitaa ya Bangladesh na Mikindani ndio walio wengi. Ukiripoti "Jomvu" kama kitu kimoja, umewafuta wenyeji, na umewasahau wapangaji vilevile, kwa sababu shida za mwenye kaburi la babu yake pale si shida za aliyekuja mwaka jana kutafuta kibarua.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe ya kuhesabu, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Kaya, kwa ufafanuzi wa sensa, ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Hilo utalikariri darasani kwa dakika mbili. Ukifika Likoni au Kisauni utakutana na nyumba ya Kiswahili: mlango mmoja wa mbele, ujia katikati, vyumba huku na huku, na uani choo na kisima vya watu wote. Anayetazama paa huhesabu kaya moja. Ingia ujiani ugonge kila mlango. Chumba cha kwanza ni mwenye nyumba na wajukuu zake, cha pili kijana wa bandarini peke yake, cha tatu mume na mke na mtoto mchanga, cha nne wasichana wawili wanaofanya kazi hotelini Nyali na wanaopika pamoja. Hizo ni kaya nne. Na chumba kilichofungwa kufuli usikiandike kitupu mpaka umuulize jirani. Mara nyingi mwenyewe ni mlinzi wa usiku, na usiku ndio mchana wake.

Mwakirunge mambo hugeuka. Unaingia kwenye mji wa mzee mmoja, nyumba tano au sita zimezunguka uwanja uliofagiwa, na kila mmoja anakwambia "sisi ni mamoja." Ni mamoja kweli kwa damu. Lakini tazama moshi. Mama mkubwa ana jiko lake, mke wa mwana wa kwanza lake, wa pili bado anapika kwa mama mkwe. Hapo una kaya mbili, wala si moja na wala si tatu. Wastani wa kaya ya Mombasa mwaka 2019 ulikuwa watu 3.1, na wa Kwale watu 5. Ukihesabu vizuri, kaya nyingi za Mwakirunge zitakuja na sura ya Kwale na Kilifi kuliko ya Majengo, mtaa wa kisiwani. Msimamizi wako akikwambia namba zako ni kubwa mno kwa Mombasa, usizipunguze ili zifanane. Mrudishe uwanjani naye aone moshi.

Usianze kwa kuuliza "mko wangapi?" Wazee wengi hawapendi watoto wao wahesabiwe kama mbuzi, na wewe bado ni mgeni. Piga hodi, toa shikamoo yako, ukae utakapokaribishwa, ueleze umetumwa na nani. Kisha uliza: "Mama, jana usiku nani na nani walilala hapa?" Akimaliza, uliza: "Na nani amezoea kulala hapa, jana hakuwapo?" Swali la pili ndilo litakaloleta hadithi ya kweli. Nakumbuka mama mmoja aliyetaja mumewe, akanyamaza, akasema: "Huyu ni wa Jumamosi." Bwana alikuwa akiuza viazi soko la Kongowea, akilala chumba cha kupanga Kisauni siku za kazi, na kurudi shambani wikendi. Kwa sensa, alihesabiwa alikolala usiku ule. Kwa utafiti wako itategemea kanuni mliyoandika ya mkaazi wa kawaida, na kanuni hiyo iandikwe kabla hamjatoka ofisini. Familia za namna hii, zenye mguu mmoja shambani na mmoja mjini, ziko nyingi sana. Ndizo zinazoifanya pembezoni mwa Mombasa iwe pembezoni mwa mji na wala si kijiji cha mbali. Wanaume waliohesabiwa Mombasa 2019 walikuwa 610,257 na wanawake 598,046. Mji huu huvuta wanaume wa kazi, na ni lazima kuna nyumba walizotoka.

Usidhani pia kwamba maisha ya Mombasa yanakomea kwenye mpaka wa kaunti. Mtwapa iko Kilifi, na kila asubuhi matatu zake zinajaa watu wanaokuja kazini huku. Watu wa Mazeras na Rabai nao huja vilevile.

Kuna jambo linalohitaji moyo wako wote, nalo ni ardhi. Pwani hii ina jeraha la ardhi la tangu sheria ya hati miliki ya 1908, ambayo iliwaacha wengi wakiishi juu ya ardhi ya baba zao bila karatasi. Wapo wenye nyumba wasio na ardhi iliyo chini yake, wanaomlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Upande wa Likoni, Dongo Kundu, kumekuja barabara kuu mpya na eneo maalum la kiuchumi, na kila mradi umeleta watu wenye kalamu wanaouliza majina. Kwa hiyo ukifika na tableti yako watu watauliza kimoyomoyo: huyu anatupima ili atuhamishe? Wengine watajificha, wengine watataja watoto walioko Nairobi ili wasikose fidia. Usiwalaumu. Nenda kwanza kwa chifu na naibu wake, kwa wazee wa mtaa, kwa imamu au mchungaji, ukiwa na barua na kibali cha utafiti. Eleza wazi kwamba hugawi ardhi, huleti fidia, na huahidi kisima. Wakikuuliza watafaidika nini, sema ukweli hata kama jibu ni dogo. Kijiji kilichoahidiwa uongo mara moja hakitamfungulia mlango mwenzako atakayekuja baada yako.

Ukirudi ofisini, kuwa mwangalifu na asilimia. Kijiji cha kaya 40 kikihamwa na kaya 2 kimepoteza asilimia 5, na gazeti litaandika kwamba watu wanakimbia. Andika kaya 2 kati ya 40. Vilevile, ukiandika kwamba kijijini kuna mjane mmoja mwenye watoto saba anayeugua, hujamtaja jina lakini umemtaja: kila mtu anamjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana, na ubinadamu unakubana zaidi. Unganisha vijiji viwili au vitatu kwenye jedwali, au uiache safu hiyo wazi. Na kila namba ya watu wa Mombasa utakayoikuta ya baada ya 2019, uliza kama ni hesabu au ni makadirio, uandike hivyo chini yake.

Mwisho wa kazi rudi kijijini na matokeo kabla hayajachapishwa. Omba baraza, bandika ramani ukutani, soma namba kwa sauti, kisha uache watu wabishane. Watakuonyesha njia uliyoikosa, nyumba tatu nyuma ya mikoko ambazo hukuziona, kisima ulichokiandika cha umma kumbe ni cha mtu. Andika marekebisho yao pale pale mbele yao, uwaambie yapi utayaingiza na yapi lazima yahakikishwe kwanza. Nakala moja mpe naibu wa chifu, nyingine mwalimu mkuu wa shule ya msingi, maana ofisi zetu huhama na wafanyakazi hubadilika, lakini mwalimu wa sayansi ya jamii ataitumia na watoto wa hapo hapo mwaka ujao.