Mzee wa miaka 76 na valvu ya moyo: yaliyotukuta sisi kwa bi mkubwa

Mkuu mleta mada, pole sana kwa mzee. Umesema baba ana miaka 76, eko (kile kipimo cha picha ya moyo) imeonyesha valvu ya aota imebana vibaya, daktari anataka afunguliwe kifua abadilishiwe, na baba zako wadogo wanasema mzee ameshakula chumvi nyingi aachwe apumzike nyumbani na dawa zake, na Jumapili mna kikao cha ukoo. Mimi nimepita hapo hapo. Mama yangu mzazi alifanyiwa hiyo operesheni akiwa na miaka 74, na maneno ya chumvi tuliambiwa vilevile, tena na watu wanaompenda kweli, kwa hiyo siwalaumu wazee wako hata kidogo.

Sisi tuko Tanga. Mama alianza kwa kusimama njiani. Kutoka nyumbani mpaka msikitini ni kama mita 300 tu, ikawa anasimama mara mbili ameshika ukuta wa watu, ukimuuliza anakwambia anaweka ushungi vizuri. Ramadhani ile akaanza kusali kwenye kiti. Usiku akawa analalia mito mitatu maana akilala chali pumzi inakata. Sisi tukasema uzee huo, zahanati moja wakasema pumu wakampa dawa ya kuvuta, akavuta miezi minane haina faida yoyote. Mpaka siku alipobeba ndoo nusu tu ya maji akaanguka uani, akazimia kama dakika moja hivi. Tulipompeleka hospitali daktari mmoja kijana akamuwekea kile kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu kimya, halafu akaniita na mimi nisikilize. Badala ya yale mapigo mawili tunayoyajua nilisikia mvumo mrefu unakwaruza, kama mtu anapuliza hewa kwenye mrija mwembamba. Ule mvumo hadi leo ninao masikioni.

Alivyotueleza ni hivi. Hiyo valvu ndio mlango ambao damu inatokea moyoni kwenda mwilini. Uzeeni inajaa chokaa, inakakamaa, inabaki tundu dogo, moyo unasukuma kwa nguvu mpaka unachoka. Ndio maana mtu anakosa pumzi, kifua kinabana, au anazimia akifanya kazi kidogo. Na hakuna kidonge cha kuifungua. Vile vya kukojoza maji vinashusha uvimbe wa miguu na vinamsaidia kupumua kwa muda, mlango unabaki vilevile. Mtu ambaye imebana sana na dalili zimeshaanza, asipobadilishiwa, karibu nusu yao hawamalizi miaka miwili. Sasa hiki nataka wazee wako wakisikie Jumapili: kumuacha nyumbani siyo kumpumzisha. Mama alikuwa hapumziki, alikuwa anakaa kitandani saa tisa usiku dirisha wazi anatafuta hewa na mimi namshika mgongo sina cha kufanya.

Lakini pia usichukulie nakwambia kila mzee apasuliwe. Kuna mzee wa mtaani kwetu figo zilikuwa zimeshakufa na alikuwa hatoki kitandani mwaka mzima, madaktari wenyewe wakasema kifua hakifunguliwi, na walikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba tarakimu 76 peke yake haikwambii kitu. Mama walimpima figo, mapafu, sukari, wakapitisha waya kuangalia mishipa ya moyo yenyewe kama imeziba, wakamtembeza mita tano wanahesabu sekunde, wakamuangalia anavyonyanyuka kwenye kiti bila kushika, wakauliza anakula nini na anakumbuka nini. Hata meno. Alikuwa na magego mawili mabovu, wakasema yang'olewe kwanza ndio tuendelee, sisi tukaona tunapotezewa muda kumbe wadudu wa kwenye jino bovu wanasafiri na damu wanaenda kukaa kwenye valvu mpya. Hadi leo akienda kwa daktari wa meno lazima aseme ana valvu ya kupandikizwa, ili apewe antibiotiki kabla ya kung'oa.

Halafu muulize daktari kuhusu TAVI. Hiyo valvu mpya inapitishwa kwenye mshipa wa pajani ikiwa imekunjwa inaenda kufunguliwa ndani ya ile ya zamani, kifua hakipasuliwi. Aliyeianzisha ni daktari Mfaransa Alain Cribier mwaka 2002 pale Rouen, na huko Ulaya wazee wa umri wa baba yako wengi ndio wanafanyiwa hii. Ila bei yake ni nzito na siyo kila moyo unafaa, sisi haikuwezekana. Mama alifanyiwa ya kufungua, hapa hapa nchini, Dar. Miaka ya nyuma tungekuwa tunatafuta pasipoti ya India, ila tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze kujitegemea mwaka 2015 hizi operesheni za moyo zinafanyika sana nyumbani.

Valvu zenyewe ziko za chuma na za nyama. Ya chuma inadumu sana lakini warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya kunywa maisha. Ya nyama inatengenezwa kwa ng'ombe au nguruwe, inadumu kama miaka 10 hadi 15, na warfarini mara nyingi ni miezi michache tu, ndio maana wazee wengi wanapewa hiyo. Mama swali lake la kwanza likawa ya mnyama gani. Daktari hakushangaa, akamjibu kwa heshima kwamba yake ni ya ng'ombe, na shehe wetu alishasema hata ingekuwa ile nyingine penye dharura pana ruhusa. Kama mzee wako ni Muislamu liulizeni mapema asije akakaa nalo moyoni.

Kwenye kikao chetu watu waliongea saa mbili, mjomba, mashangazi, mchango, bima, nani atamuuguza, na yeye yupo chumbani hakuna aliyemuita. Dada yangu mkubwa ndio akanyanyuka akaenda kumuuliza. Akarudi na jibu: "Mimi sitafuti miaka. Nataka kusujudu." Kikao kikaishia hapo. Kwa hiyo mkuu, kabla ya Jumapili kaa na baba yako wawili tu, muulize yeye anataka aweze kufanya nini, halafu hilo ndilo mlipeleke kwa daktari mmuulize kama operesheni inaweza kumrudishia.

Siku yenyewe ilichukua masaa matano hivi. Moyo wanausimamisha kabisa, mashine ndio inasukuma damu, wakimaliza mfupa wa kifua wanaufunga kwa waya. Tuliambiwa tutafute wachangia damu kabla, vijana wa ukoo walijitokeza, Mungu awabariki.

Sasa ambacho hakuna aliyetuandaa ni usiku wa pili. Mama aliamka hanijui. Akawa ananiita jina la dada yake aliyefariki, ananiambia funga mlango ng'ombe wanatoka, anavuta mipira ya dawa mkononi, mama yangu ambaye hajawahi kunifokea hata mara moja ananifokea. Nilitoka nje nikalia nikijua tumemharibu akili. Nesi mmoja mtu mzima akanifuata, akaniambia mwanangu hii inawatokea wazee wengi baada ya operesheni kubwa, inapita. Akaniuliza miwani yake iko wapi. Ilikuwa kwenye mkoba wangu! Tukamvalisha miwani, tukamletea kanga yake ya nyumbani, mchana tunafungua pazia aone jua, tunamwambia leo ni siku gani na uko wapi na mimi ni fulani mwanao, tunasema taratibu hatubishani naye kuhusu ng'ombe. Siku ya nne asubuhi akaniangalia akasema mbona umekonda. Miwani, kifaa cha kusikia kama anacho, na mtu anayemfahamu awepo karibu, hivyo viandaeni kabla.

Pia mapigo yake siku ya tatu yalianza kwenda ovyo ovyo, wakampa dawa yakatulia, hiyo nayo ni kawaida baada ya kufungua moyo kwa hiyo msipagawe.

Nyumbani ndio kazi. Wiki za mwanzo hanyanyui kitu kizito, hasukumi, hajivuti kwa mikono kutoka kitandani, akikohoa anakumbatia mto. Kile kidude chenye vimpira vitatu cha kuvuta pumzi asikiache. Kutembea kila siku, sisi tulianza mlangoni mpaka kwenye mwembe na kurudi. Hamu ya kula ilipotea kabisa na akawa analia lia bila sababu, tukamwambia daktari, wala hakushangaa.

Warfarini ndio iliyotupiga. Mgongo ulikuwa unamuuma, mdogo wangu akaenda duka la dawa akauziwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo haipatani na warfarini, hakuulizwa anatumia nini kingine na sisi hatukusema. Siku ya tatu fizi zinatoa damu na mkono una mabaka meusi. INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, kupimwa imepanda mbali. Tungechelewa sijui. Toka hapo mama ana daftari, kila dawa imeandikwa humo, haendi duka la dawa bila hilo daftari. Na mboga za majani asikatazwe, kisamvu na mchicha ale, ila kiasi kilekile kila wiki, siyo wiki hii hamna kabisa wiki ijayo kila siku, maana zinashusha nguvu ya hiyo dawa. Dawa za miti shamba mweke pembeni kwanza mpaka daktari ajue.

Alikaa kwenye kiti cha kusalia karibu miezi mitatu mpaka mfupa ulipounga. Halafu Ijumaa moja nikaingia chumbani nikakuta kiti kimesogezwa ukutani na yeye yuko chini kwenye mkeka kasujudu, nikarudi nje taratibu.

Ukipata majibu ya kipimo cha mishipa na figo yaweke hapa mkuu, bila jina la mzee. Na mkienda kumuona daktari nendeni watu wawili, mmoja anasikiliza mwingine anaandika.